Kadi, mfuko na mhuri: mfumo wa Browne kwenye meza ya maktaba ndogo

Maktaba ya mtaa yenye vitabu elfu tatu au nne na karani mmoja inahitaji kujua mambo matatu kuhusu kitabu kilichotoka: ni kipi, kimechukuliwa na nani, na kinatakiwa lini. Mfumo wa Browne unayajibu yote matatu kwa kipande cha manila, mfuko wa karatasi na mhuri wa tarehe. Ulibuniwa Marekani na mkutubi Nina Browne mwishoni mwa karne ya 19, lakini uliota mizizi zaidi Uingereza. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilipofunguliwa Desemba 1967, maktaba nyingi za umma kule Uingereza zilikuwa bado zinaazimisha hivyo hivyo. Hapa tunaupima kwa mahitaji ya leo, kisha tunauweka kando ya Koha, programu ya bure ya kuendesha maktaba kwa kompyuta, ambayo wafadhili wengi huitaja kabla hata ya kuuliza maktaba ina rafu ngapi.

Tuanze na vifaa, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kadi ya kitabu huandikwa juu kabisa namba ya usajili, yaani namba ya pekee ya kila nakala, chini yake namba ya Dewey inayoonyesha somo la kitabu, mwandishi na jina la kitabu. Hukaa kwenye mfuko uliobandikwa ndani ya jalada. Ukurasa unaotazamana na mfuko hubandikwa karatasi ya tarehe, gundi ikipakwa ukingo wa juu tu, ili ikijaa ibanduliwe bila kuondoka na ukurasa. Msomaji naye hupewa tiketi, ambazo kwa kweli ni vifuko vidogo vya manila vyenye jina lake, anwani, namba ya uanachama na tarehe ya kuisha. Kadi ya kitabu iwe na upana mdogo kidogo kuliko kifuko cha msomaji, na urefu wake ukizidi kifuko kwa sentimita mbili hivi, ili ikishaingia namba ya usajili ibaki ikichungulia. Anayekata kadi kwa makasi bila kipimo hujikuta na kadi zinazokwama na nyingine zinazozama, na siku ya foleni hizo zinazozama ndizo zisizoonekana.

Kuazima ni kazi ya sekunde kumi. Karani anachomoa kadi kwenye kitabu, anaitumbukiza kwenye tiketi ya msomaji, anapiga mhuri wa tarehe ya kurudisha, anamkabidhi kitabu. Kadi na tiketi yake, sasa zikiwa kitu kimoja, zinaingia kwenye trei nyuma ya kitenganishi cha tarehe hiyo, zikipangwa kwa namba ya usajili. Jioni zinahesabiwa, idadi inaingia kwenye daftari la takwimu, na siku imefungwa.

Kinachotupendeza zaidi ni kwamba kanuni zimo ndani ya kadi zenyewe. Kanuni ya vitabu viwili kwa mtu haihitaji kukumbushwa wala kubishaniwa: aliyepewa tiketi mbili akishaziacha mezani hana cha kuazimia cha tatu, hata awe mtoto wa diwani. Orodha ya waliochelewa nayo hujiandika. Kadi iliyobaki nyuma ya tarehe iliyopita ni kitabu kilichochelewa, na jina la mwenye deni limo kwenye kifuko kilichoishika. Programu nyingi hutengeneza ripoti hiyo kwa kubonyeza mara tano. Hapa unatazama tu mbele ya trei.

Muda wa kuazima usiwe siku kumi wala kumi na tano. Uwe siku 14, kwa sababu siku 14 humrudisha msomaji siku ile ile ya wiki aliyochukua. Maktaba isiyofungua Jumapili haitapiga mhuri wa Jumapili kamwe. Zinabaki sikukuu. Sabasaba na Nane Nane zinajulikana mapema, kwa hiyo Juni 23 mhuri huruka hadi Julai 8. Idd inategemea mwezi kuandama, na karani mwenye busara husogeza mhuri upite siku zote mbili zinazowezekana. Akiacha tarehe iangukie sikukuu, msomaji atakuta mlango umefungwa, na kesho yake ataambiwa amechelewa. Ugomvi huo mezani haufutiki kwa kusamehe faini.

Kuhusu kupanga trei, vitabu vingi vya mafunzo vinatoa hiari: namba ya usajili au namba ya Dewey. Kwa maktaba ya Kiswahili hiari hiyo haipo. Riwaya zote za Kiswahili huangukia 896.3923, na kama nusu ya wasomaji wako wanazitaka riwaya, nusu ya trei itakuwa na namba moja. Utalazimika kutenganisha kwa jina la mwandishi, na hapo unafungua mjadala mwingine: Waswahili wengi huandika jina lao kisha la baba, na makarani wawili hawatakubaliana ni lipi liwe la kupangia. Namba ya usajili haina ubishi, kila nakala ina yake.

Kurudisha ndiko mfumo unakojipima. Karani anasoma tarehe ya mwisho kwenye karatasi ya tarehe, anakwenda nyuma ya kitenganishi hicho, anaitafuta namba, anarudisha kadi kwenye kitabu na tiketi kwa mwenyewe. Yote yanategemea mhuri. Ukisahaulika kusogezwa asubuhi, vitabu vyote vya siku hiyo vinatoka na tarehe ya jana yake, huku kadi zimepangwa nyuma ya tarehe sahihi. Wiki mbili baadaye hakuna kadi inayopatikana pale karatasi inaposema, na wasomaji wanasimama wakitazama karani akipekua trei nzima. Kinga yake ni rahisi: kabla ya kufungua mlango, piga mhuri wa kwanza kwenye daftari la takwimu, juu ya safu ya siku hiyo. Kosa likiwepo litaonekana hapo, kabla halijasambaa.

Kosa la pili ni kadi kubadilishana vitabu. Hutokea kwa vitabu vya kiada vyenye nakala sita zinazofanana: karani anapokea mbili kwa mpigo na kurudisha kadi kwa kutazama jina badala ya namba. Kuanzia hapo nakala ya kwanza ina kadi ya nakala ya pili, na anayekuja kurudisha nakala ya pili ataambiwa kadi yake haipo. Namba ya usajili iandikwe mahali patatu, yaani kwenye mfuko, kwenye karatasi ya tarehe na nyuma ya ukurasa wa jina. Kadi isirudi mfukoni bila namba mbili kulinganishwa. Tena pokea kitabu kimoja kimoja, hata kama mwalimu ameleta furushi.

Yapo maswali ambayo mfumo huu haujibu, na ni vizuri kuyajua kabla ya kuununua. Hauwezi kukwambia haraka msomaji fulani ameshika vitabu gani, kwa sababu trei imepangwa kwa tarehe, si kwa majina. Tiketi anazokosa mkononi zitakuonyesha ni vingapi tu. Kuwekeana oda pia ni taabu: mtu akitaka kitabu kilicho nje, karani hupekua tarehe zote hadi aione namba, kisha huibana kwa klipu ya rangi ili kitabu kikirudi kisiende rafuni. Kwa trei yenye kadi mia tano kazi hiyo huchukua dakika kadhaa, na saa kumi na moja jioni hakuna anayeifanya. Tunashauri oda zipokelewe asubuhi tu, au siku moja kwa wiki. Kuongeza muda ni rahisi msomaji akileta kitabu. Akipiga simu lazima ataje namba ya usajili na tarehe iliyogongwa, la sivyo ni kupekua tena. Kuongeza kuwe mara moja, na kusiwepo kabisa kwa kitabu chenye klipu.

Uanachama ndipo kanuni za maktaba ndogo zinapokuwa kali pasipo sababu. Fomu ya kawaida inadai mdhamini: mwajiri, mkuu wa shule, au barua ya serikali ya mtaa yenye mhuri. Kwa mwanafunzi inafanya kazi, kwa kuwa shule ipo na mkuu wa shule anapatikana. Kwa mpangaji anayehama kila baada ya miezi sita, barua ya mtaa inathibitisha mahali alipokuwa tu. Kilicho na nguvu zaidi ni namba ya simu iliyopigwa hapo hapo mezani ikaita, na ya pili ya mtu wa karibu. Amana inayorudishwa inasaidia, mradi isizidi bei ya kitabu kimoja cha kawaida na risiti yake ibandikwe kwenye fomu. Tumeona maktaba zinazotoza amana bila kuweka kumbukumbu ya kuirudisha. Hiyo ni ada iliyovaa kanzu ya amana.

Faini tunaipa alama ndogo. Kwa siku moja ni senti zisizolipa hata wino wa risiti, na kwa miezi mitatu ni deni linalomfanya mzazi akifiche kitabu uvunguni. Chicago, mwaka 2019, maktaba ya umma ilifuta faini za kuchelewa, na vitabu vilivyokuwa vimepotea muda mrefu vikaanza kurudi. Mfumo wa kadi una adhabu iliyo bora na isiyo na fedha: tiketi hairudishwi mkononi papo hapo. Umechelewa siku tisa, tiketi yako inakaa trei ya pembeni siku tisa. Haihitaji risiti wala kitabu cha mapato, na mkaguzi hana la kuuliza.

Kitabu kilichopotea ni jambo jingine. Kanuni isomeke hivi: alete nakala ile ile, toleo lile au jipya zaidi, isiyo ya kudurufu, akishindwa alipe bei ya sasa dukani pamoja na gharama ya kadi na mfuko. Neno "bei ya sasa" lisikosekane. Rejista ya vitabu huonyesha bei ya siku ya kununua, na kitabu kilichonunuliwa miaka kumi na miwili iliyopita hakirudishiki kwa fedha hizo. Nakala mpya ikija hupewa namba mpya ya usajili, ile ya zamani hukatwa kwa wino mwekundu. Kutumia namba ya marehemu kwa kitabu kipya ni njia ya uhakika ya kuvuruga hesabu ya mwisho wa mwaka.

Vitabu vya rejea havitoki, na alama yao iwe mgongoni, si ndani, ili karani aione kabla ya kushika mhuri. Zaidi ya hapo, visiwekewe kadi kabisa: kisicho na kadi hakiazimiki.

Sasa Koha. Jina ni la Kimaori, maana yake zawadi, na ilianza kazi Nyuzilandi Januari 2000. Haiuzwi. Kanuni za kuazima zimo kwenye jedwali moja linalokutanisha aina ya msomaji na aina ya kitabu, na kila mstari unasema vitabu vingapi, siku ngapi, kuongeza mara ngapi, faini kiasi gani, au kufungiwa siku ngapi badala ya faini. Maswali yote yaliyoushinda mfumo wa kadi, yaani nani ameshika nini, oda ya nani inafuata, kitabu kimeazimwa mara ngapi, yanajibiwa papo hapo. Hilo halina ushindani.

Matatizo yake hujificha. Kwenye jedwali, mstari mahususi hushinda mstari wa jumla. Mtu aliyejaribu kanuni ya "wanafunzi, riwaya, siku saba" akaisahau, mwaka mzima atabadilisha kanuni ya jumla na kushangaa wanafunzi bado wanapewa siku saba. Kalenda ya sikukuu hujazwa kwa mkono, na isipojazwa mashine haina habari kwamba Idd ipo. Kubwa zaidi, hesabu za waliochelewa hufanywa na kazi zinazojiendesha kwa ratiba, ambazo kwa kawaida hupangwa usiku. Maktaba ndogo huzima kompyuta saa kumi na mbili jioni. Faini hazihesabiwi, notisi haziendi, na lawama zinaiendea programu. Hamishia kazi hizo saa saba mchana na tatizo limekwisha. Umeme ukikatika, andika kwenye daftari namba ya msomaji, namba ya kitabu na saa, kwa mpangilio wa kutokea, kisha ingiza zote kabla ya kupokea kitabu chochote kipya. Ukichanganya mpangilio, kitabu kilichorudi kitaonekana kiko nje.

Kwa maktaba inayoazimisha chini ya vitabu sitini kwa siku, tunauchagua mfumo wa kadi bila kusita. Juu ya hapo trei inakuwa na kadi zaidi ya mia saba kwa muda wa wiki mbili, na kupekua kunakula saa za karani, Koha inajilipia. Wengi wataanza na kadi kisha wahame, na kuhama kunakuwa kwepesi au kugumu kutokana na jambo moja lililofanywa siku ya kwanza: namba ya usajili. Ikiwa ni tarakimu tupu zenye urefu mmoja, mfano 00417, ndiyo itakayochapwa kama msimbopau, yaani mistari inayosomwa na mashine, na kubandikwa nje ya jalada. Ikiwa imeandikwa "417/B/09 nakala ya 2", kaa tayari kusajili upya vitabu vyote elfu nne, na funga maktaba wiki mbili za Desemba, wakati watahiniwa wa kidato cha nne wameshamaliza na viti viko wazi.