Pydroid 3 na Python kwa simu tu: uzoefu wangu nikiwa Wete

Nnaandika kwa wale wanaouliza kama mtu anaweza kuanza kuprogramu bila ya laptopu. Anaweza. Mie nimeanza na simu ya Android yenye ramu ya GB 3, nipo Wete, na sasa nshatimiza miezi minne.

Mwanzo nilipotea njia. Nililipa 60,000 kwa kozi moja ya mtandaoni, video ndefu ndefu zikanimalizia bando la wiki kwa siku mbili na hata mstari mmoja sijaandika kwa mkono wangu, unamtizama mtu anaandika, unajiona umefahamu, ukizima simu kichwani hamna kitu. Iliniuma kwa sababu pesa zile alinipa mama.

Ndo kaka yangu aliyeko Unguja akaniambia niweke Pydroid 3, app ya kuandikia Python, lugha ya kuprogramu, kwenye simu ya Android. Ipo Play Store, bure, na ukishaishusha inafanya kazi bila ya intaneti, na hilo kwangu mie ndilo kubwa kuliko yote. Unaandika Python, unabonyeza kitufe cha njano kule chini, jawabu inatoka hapo hapo. Python yenyewe aliitengeneza Mholanzi, Guido van Rossum, ikatoka 1991, nayo ni bure pia.

Sasa niseme kilichonifanya niipende. Msimu wa karafuu mama anawalipa wachumaji kwa pishi, 1,500 kila pishi, na jioni hesabu inapigwa kwenye daftari huku watu wamechoka wanasubiri pesa zao. Nikasema ntamfanyia programu. Nikaandika:

pishi = input("Pishi ngapi? ")
print(pishi * 1500)

Nikaweka 5, nategemea 7500. Kioo chote kikajaa 5555555 mpaka chini, nasogeza haziishi, wallahi nilidhani simu imeharibika. Nimekaa nayo usiku ule mpaka nilipotizama somo la mwanzo la CS50P, kozi ya Python ya chuo kikuu cha Harvard, nalo bure, wenyewe wanaliita wiki ya 0, ndo nikafahamu kwamba input inaleta maandishi hata kama wewe umeandika nambari, kwa hivyo Python haikuzidisha, imeirudia ile "5" mara 1,500. Dawa yake ni int(input("Pishi ngapi? ")), hiyo int inageuza maandishi kuwa nambari nzima, basi. Zile tano zilizojaa kwenye kioo zimenisomesha kuliko kozi nzima niliyolipia.

Tabu zipo. Kibodi ya simu inachosha ukitafuta mabano na nukta mbili, na zile nafasi nne za mwanzo wa mstari ukizikosea unapata kosa la IndentationError. Masomo ni ya Kiingereza, mie nasimamisha video naandika maneno kwenye daftari, taratibu. Kazi kubwa itataka kompyuta, ila sijafika huko.

Ushauri wangu kwa anayeanza, chukua hesabu ya nyumbani kwenu ambayo jawabu yake unaijua tayari, ndo utajua programu inapokosea.

Juzi jioni tuliitumia barazani kwa mara ya kwanza, wachumaji saba. Watu wanne walikwenda sawa, wa tano akaja na pishi 6 na nusu, nikaweka 6.5 ikakataa, kosa la ValueError, kwa sababu int haipokei nusu. Nikabadilisha int ikawa float, inayopokea desimali, pale pale watu wakiwa wamesimama, ikatoka 9750.0. Mama akaitizama, akapiga hesabu yake kwenye daftari, akamhesabia yule kijana pesa zake, kisha akaniuliza hiyo sifuri ya nyuma ni ya nini.