Jicho au kamera: kupima nyota zinazobadilika mng'ao

Anayetumia jicho huitafuta nyota yake, kisha huilinganisha na jirani mbili zenye mng'ao unaojulikana, moja kali kuliko yake na nyingine hafifu. Aliyezoea hukosea kwa kama magnitudi (kipimo cha mng'ao wa nyota) 0.1 au 0.2. Kamera iliyofungwa kwenye darubini hushuka hadi 0.01, hivyo kwa nyota inayotikisika kidogo tu jicho halina lake.

Lakini nyota Mira hupanda na kushuka kwa magnitudi sita hivi katika siku 332. Hapo jicho linatosha kabisa, na kumbukumbu zake ni za karne nyingi. Nyota Betelgeuse nayo inang'aa mno hata huzidisha mwanga kwenye kamera nyingi za darubini.

Kwa nyota zinazolipuka, mashine za kukagua anga usiku kucha zimeshatangulia, sibishi. Ila Februari 1987, kule kwenye kituo cha darubini cha Las Campanas, Chile, Ian Shelton aliiona supanova 1987A kwenye bamba la picha, na usiku uleule Oscar Duhalde alikuwa ameshaiona kwa macho matupu, alipotoka nje kutazama anga.

Mimi ningeanza na jicho.