Macho 6/6, na mtoto hakupimwa

Naandika hasira zikiwa bado kifuani. Kituo chenyewe kipo hapa hapa Arusha mjini, jina nalihifadhi. Nilimpeleka binti yangu kujaziwa ile fomu ya uchunguzi wa afya inayokuja na maelekezo ya kujiunga kidato cha kwanza, shule ya bweni. Wazazi mnaijua: damu, mkojo, choo, macho, masikio, kifua, bandama, na chini kabisa saini ya daktari na muhuri.

Haki yao niwape, maabara wako vizuri. Dada aliyemtoboa kidole alimweleza kwanza anachotaka kufanya, akamsubiri atulie, na majibu hayakuchelewa. Tungeishia pale, leo ningewasifu.

Tukaingia kwa daktari. Mwanangu akasema, "Shikamoo." Kimya. Hata macho hakuyatoa kwenye simu. Akavuta fomu, akaijaza kuanzia juu hadi chini: macho 6/6, yaani mazima kabisa, masikio kawaida, kifua safi, bandama haijavimba. Jamani, bandama unaijuaje bila kumlaza mtoto na kumbonyeza tumbo upande wa kushoto? Kifaa cha kusikilizia kifua kilikuwa shingoni mwake, na kikabaki huko huko. Chati ya herufi ilikuwa ukutani, nusu yake imefunikwa na koti.

Nikamwambia, "Daktari, naomba umpime macho. Huyu darasani haoni ubao mpaka akae dawati la mbele." Akanijibu, "Mama, wenye fomu ni wengi. Nenda kagongewe muhuri." Mbele ya mtoto!

Nikameza. Nikasema labda kachoka, maana shule zikikaribia kufunguliwa foleni huwa ndefu kweli, naye ni binadamu. Roho haikutulia. Baadaye nikampeleka kliniki ya macho, hospitali ya serikali. Wakamsimamisha mita 6 kutoka kwenye chati, wakamfunika jicho moja, kisha la pili. La kulia lilikwama mstari wa tatu: 6/24. Yaani herufi ambayo mwenye macho mazima anaisoma akiwa mita 24, mwanangu mpaka aisogelee kufika mita 6. Anahitaji miwani, na alikuwa anaihitaji tangu zamani.

Hebu fikirini angekwenda bweni na karatasi ile. Mwalimu anamkalisha nyuma, mtoto hanakili chochote, anaitwa mvivu. Matroni akifungua faili lake, anakuta 6/6 yenye muhuri. Nani angemwamini?

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota tatu, pengine hata nne, kwa ajili ya yule dada wa maabara. Sasa ni moja, nayo ni ya kwake peke yake. Nilirudi pale na karatasi zote mbili kudai hela yangu ya daktari. Mapokezi wakanijibu kwamba huduma ilishatolewa.

Huduma ipi?