Doti ya kukunja saa: miezi mitatu kiunoni

Niseme mapema: nimeipa nyota tatu kati ya tano, na moja kati ya hizo ni ya usingizi.

Nauza chai na vitafunwa Mtumba, kule Mji wa Serikali, kilomita 17 hivi kutoka katikati ya Dodoma. (Mtumba mahali, siyo nguo. Nina shoga yangu wa Dar mpaka leo anadhani nina banda la mitumba.) Wateja wangu wanakuja kwa mpigo mmoja, saa nne asubuhi, na wote wana haraka. Niliposikia kuna kanga inayokunja saa, Jumamosi hiyohiyo nikashuka sokoni Majengo na kuilipia shilingi 85,000. Hela hiyo ungepata doti kadhaa za kawaida, tena nzuri.

Kwa macho ni kanga tu. Pindo jekundu, mji mweupe wenye korosho, na jina lake SUBIRA YAVUTA HERI. Nilicheka palepale dukani. Muuzaji hakucheka. "Dada yangu, hii usiibebee mtoto," akasema, akanifungia kwenye gazeti.

Unajifunga kiunoni kama kawaida, unakunja ukingo wa juu, unafutika. Kila mkunjo unakupa nusu saa, mwisho mikunjo minne. Ukishafutika, kila kisichoguswa na kanga kinasimama: daladala, nzi, hata vumbi la barabarani linaning'inia hewani. Wewe unaendelea na shughuli zako. Ukikunjua, vinaendelea pale vilipoishia.

Hapo ndipo nilipopigwa. Siku ya kwanza nimeamka saa tisa usiku, nikakanda unga wa maandazi, nikatia hamira, nikakunja minne nisubiri uumuke. Saa mbili zimepita, unga uko vilevile kama jiwe. Hamira ilikuwa imesimama pamoja na dunia nzima. Na mkaa? Moto umeganda, ukiweka kikaango juu yake hakichemki kitu. Maji ya bomba ndiyo usiseme, na huku kwetu siku za mgao unajua mwenyewe yanavyosubiriwa. Kwa hiyo kanga hii inakuongezea muda wa mikono tu. Kusukuma chapati, kuchambua maharage, kukata vitunguu, sawa. Kupika utapika kwa saa za watu wote.

Nikarudi dukani na hasira zangu. Kumbe ndiyo maana ikauzwa doti, vipande viwili: kimoja unavaa, kingine unafunga kile unachotaka kwenda nacho. Beseni la unga nikalifunga kanga, mikunjo minne kwa minne, na kweli unga ukaumuka. Jiko ndilo halifungiki, labda uwe umechoka na nyumba yako.

Lakini doti inakuja vipande vimeungana, na mimi kama mwanamke yeyote nilishakata katikati nikapeleka kwa fundi wa barazani anipindie. Kipande cha pili akakipinda upana wa vidole viwili. Hakuna mahali kwenye karatasi yao walipoandika kwamba upindo unakula kipimo. Sasa kile cha beseni kinakwenda dakika arobaini kwa kila mkunjo, changu thelathini. Nikikunjua, unga umefura, umemwagika mezani, unanuka kama wanzuki. Nimetupa kilo tano namna hiyo. Kuomba nibadilishiwe, wakasema nimeshaishona, siyo yao tena.

Na hiyo karatasi yenyewe! Imeandikwa: "Ipumzishwe saa 10 hadi saa 11 kila siku." Nikawa naipumzisha alasiri, nimeivua, nimeitundika. Kumbe walihesabu saa za Kizungu, yaani saa nne asubuhi. Wiki ya kwanza ikafunguka yenyewe mbele ya foleni ya wateja, nimeshika birika mkono mmoja na sinia mkono wa pili. Ashukuriwe Mungu nilivaa gauni ndani. Kampuni inayouza kitu cha saa kwa Waswahili ikashindwa kuuliza ni saa za nani, nimeikata nyota kwa hilo peke yake.

Jambo jingine hawakwambii: mwili wako haukunjwi. Saa mbili kwa siku, siku 90, ni saa 180. Nimeishi wiki nzima na ushee kuliko nyinyi. Siku zangu zinawahi kwa siku mbili tatu kila mwezi. Msusi ameanza kuniuliza kwa nini nywele zangu zinakua haraka hivyo. Na njaa! Nakula mlo mmoja zaidi, na mlo huo hauna mkunjo, unatoka mfukoni.

Ukifua, anika ndani. Upepo wa Dodoma wa Julai unaujua. Yangu ilijikunja kwenye kamba, kuku wa jirani amelala kwenye ncha iliyoburura chini. Siku hiyo alitaga mawili, na jirani bado ananisumbua nimuuzie siri ya chakula ninachowapa.

Basi unga nimerudia kuukanda jioni kama zamani, naulaza. Kanga naitumia saa tano, wateja wakipungua. Nyuma ya meza nina mkeka. Nakunja minne, nalala usingizi ambao sijaupata tangu nianze biashara hii, hakuna simu, hakuna anayeita "mama chai".

Leo usingizi haukuja, ndiyo nimeandika haya. Simu inafanya kazi kwa kuwa nimeishika, ila mtandao uko nje ya kanga, vijiduara havizunguki. Kuna kijana mmoja pale mbele ameshika kikombe, mvuke umesimama juu ya chai yake. Nimebakiza mkunjo mmoja. Nikiufungua itatumwa, na huyo ananidai chenji.