Macho makavu: matone au vidonge?

Macho yanakereketa kama yameingia mchanga, na kila mtu ana dawa yake. Kwa haraka, matone ya machozi ya bandia yanashinda: nafuu huja ndani ya dakika chache, ila haidumu, unadondoshea tena. Chupa ikishafunguliwa, nyingi hutupwa baada ya wiki 4. Zenye kihifadhi (kemikali ya kuzuia vijidudu chupani), ukidondoshea zaidi ya mara 4 kwa siku, zinaweza kuliwasha jicho lenyewe. Vichupa vya kutumia mara moja havina tatizo hilo, lakini mfuko utalia.

Vidonge vya omega-3, yaani mafuta ya samaki, havina usumbufu: unameza asubuhi, basi. Utata uko kwenye uhakika. Utafiti wa DREAM wa Marekani, uliochapishwa 2018, uliwapa wagonjwa miligramu 3,000 za omega-3 kila siku kwa mwaka mzima; nafuu yao haikuizidi ya wale waliopewa mafuta ya zeituni kama dawa bandia ya kulinganishia. Hela hiyo mimi ningenunulia dagaa.

Vitamini A ni habari nyingine. Mwenye upungufu wa kweli, hasa mtoto asiyeona vizuri gizani, matone pekee hayatamponya. Anahitaji vitamini yenyewe, kwa kipimo cha daktari, maana ikizidi ni sumu, na kwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Wewe unayekodolea kompyuta kutwa, anza na matone.