TAHADHARI: Wanandoa mnaotafuta nafasi za kujitolea Ujerumani, someni kabla hamjatuma hata mia

Tumepigwa. Nasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu, maana kikobani habari imeshafika na kwaya nayo inanong'ona. Shilingi 2,870,000, mimi na mume wangu, ndani ya siku kumi na tisa. Na ndiyo, mimi ni muuguzi na yeye ni mwalimu wa hesabu. Yale ya "wasomi wazima mnatapeliwaje" tumeshaambiana wenyewe usiku, msihangaike kutuongezea.

Ile ndoto yetu ya kwenda kujitolea Ujerumani pamoja mnaijua, sitaianza upya. Ila nataka mjue kwa nini habari ya mtu na mkewe kwenda kujitolea pamoja haikutushtua. Mume wangu kafundishwa fizikia kule Njombe na Pisi Kopu, wale Wamarekani wa kujitolea, na walikuwa mtu na mkewe. Bwana anafundisha fizikia, bibi Kiingereza, jioni wanachota maji pamoja kwa ndoo kama sisi. Pisi Kopu walianza kuja nchini enzi za Tanganyika, 1961, nani kijijini hawajui? Kwa hiyo tuliposikia Ujerumani kuna "nafasi za wanandoa", yeye shuleni, mimi kwenye nyumba ya wazee, mwaka mmoja, chumba na chakula juu yao, tuliona ni yale yale, safari hii sisi ndio tunakwenda kwao. Na namba ya jamaa anayepeleka watu tulipewa na mtu wa jumuiya yetu, tunasali naye. Simlaumu. Naye kapigwa, tena kuliko sisi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Tumetoka Morogoro na treni ya SGR ya asubuhi, mume wangu kavaa suti ya harusi. Ofisi yake iko Sinza, Dar es Salaam, ghorofani, juu ya duka la vipodozi. Kiyoyozi kinapuliza, ukutani ramani ya dunia na picha za wanandoa wakiwa uwanja wa ndege na mabegi yao, wanacheka. Tukaletewa chai ya tangawizi. Jamaa mpole, shati jeupe, haongei haraka. Ananiita shemeji. Akaomba cheti cha ndoa, akakipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Akakisoma chote, mpaka majina ya mashahidi. Akasema, "Shemeji, hii ndiyo viza yenu. Vijana tukiwapeleka wanatoroka. Mtu na mkewe hawatoroki, na Wazungu wanalijua hilo."

Ngojeni, kuna Mzungu. Akafungua kompyuta, akampigia mama mmoja wa makamo, kavaa vifaa vya masikioni, nyuma yake dirisha na miti isiyo na majani. Usaili huo. Akauliza nyumbani kwetu nani anapika, tukacheka. Kisha akauliza, mmoja akipata nafasi na mwingine akikosa mtafanyaje? Mume wangu akanishika mkono pale pale, yeye ambaye hata mbele ya mama yake hanishiki, akasema tunakwenda wote au tunabaki wote. Na yule mwizi akatoa leso akafuta machozi! Nimeona machozi kwa macho yangu. Mtu analia kwa ajili ya ndoa yako huku anahesabu utamlipa ngapi.

Nikatoa bahasha, 200,000 ya fomu mbili. Akaisukuma. "Leo sichukui hela ya mtu. Nendeni mkaombe kwanza." Kwenye treni ya kurudi tulimsifia mpaka tunashuka. Tapeli gani anakataa hela?

Jumanne, saa tano usiku, niko zamu wodi ya watoto. Ujumbe ukaingia: wanandoa wawili wamejiondoa, nafasi imebaki moja, mwisho kesho saa sita mchana, fomu 200,000 na uhakiki 1,400,000. Nikatoka nikasimama koridoni karibu na sinki. Mume wangu hapokei, kalala. Nikaandika namba, likaja jina la mwanamke ambaye simjui kabisa. Nikamuuliza jamaa, akajibu papo hapo, "Huyo ni mhasibu wetu shemeji, usiwe na wasiwasi." Nikatazama lile jina kwenye simu kwa muda mrefu tu. Vidole hivi vinatafuta mshipa wa mtoto mchanga umeme ukiwa umekatika, na vidole hivi hivi vikabonyeza namba ya siri. Nikarudi wodini najisikia mwepesi, nikawaimbia watoto.

Baada ya hapo ilikuwa mteremko. Bima, 400,000. "Ada ya miadi ya ubalozi", 870,000. Pikipiki ikaondoka, na ule mkopo wangu wa kikoba, wenzangu mliouliza ni wa nini, basi ulikuwa wa hiyo miadi. Alitukataza kusema. "Safari haitangazwi." Nyie wa kwaya mlijua kwa sababu tu ilibidi niage sauti ya pili, mkatununulia vitenge vya sare. Vile vitenge ndivyo vinavyonimaliza kuliko hela.

Tarehe ya miadi tukaenda Umoja House, ubalozi wa Ujerumani ulipo, na karatasi yetu yenye mhuri wa zambarau. Askari wa getini akatafuta majina, hayapo. Akatafuta tena. Akageuza karatasi nyuma na mbele, akaturudishia taratibu, kama mtu anayerudisha majibu mabaya ya maabara. "Hii haijatoka hapa." Mimi nikacheka, sijui kwa nini nilicheka. Mume wangu akaanza kumweleza yule askari kuhusu yule Mzungu na miti isiyo na majani, mpaka nikamvuta koti. Simu ya jamaa haipatikani. Sinza mlango una kufuli jipya, na binti wa vipodozi akasema walihama juzi, hata feni ya mwenye nyumba wamebeba.

Sasa yale tuliyopaswa kuyaona. Risiti aliyotupa ni ya kuandika kwa mkono, haina TIN, namba ya mlipakodi, si ya mashine ya EFD, na mimi kwenye duka la mia tano nadai risiti! Hela ilikwenda kwa jina la mtu. Kijerumani hakutuuliza hata neno moja, eti tutajifunzia huko. Binti wa dada yangu yuko Leipzig anahudumia wazee kwa mpango huo huo wa kujitolea, nilimpigia usiku ule, baada ya kuliwa, si kabla. Akaniambia kujitolea huko kupo kweli, mpango wa serikali yao unaitwa BFD, ulianza 2011, na hata watu wazima wa umri wetu wanapokelewa. Lakini kila mtu ana mkataba wake, na mkataba wa BFD unasainiwa na ofisi ya serikali iliyoko Köln. Fomu ya wanandoa hajawahi kuiona, anasema mnaweza hata kupangiwa miji miwili tofauti. Ada ya viza ni yuro 75 kwa mtu mmoja. Sabini na tano! Pigeni hesabu wenyewe, mwalimu wangu wa hesabu hataki tena kupiga. Na wanandoa wengine huyu bwana aliwaambia atawaingiza Pisi Kopu yenyewe, ambayo inachukua raia wa Marekani tu.

Namba zake tumezituma 15040, kule wanakoripotiwa matapeli wa simu, na RB, namba ya taarifa ya polisi, tunayo. Jina lake siliandiki hapa, mpelelezi katuomba, ila wa Sinza na Mwenge mnaomjua mnamjua. Mimi sitaki arudishe hela tu. Nataka alale chini gereza la Segerea, na nataka Mzungu wake wa kukodi naye apatikane, na yule "mhasibu", na fundi wa mihuri. Nataka apandishwe kizimbani na ile leso yake mfukoni, aitoe tena alie, safari hii tumuone anavyolia bure. Wanaosema nimsamehe, hela zenu mko nazo.

Afande anasema tukifika wengi kesi inasimama vizuri. Mpaka sasa tuko jozi nne za wanandoa, moja imetoka Dodoma. Mwenye risiti ya mkono yenye mhuri wa zambarau anitumie picha leo, hata kama ni ya fomu tu, hata kama unaona aibu. Kesho asubuhi tunapanda treni kurudi kituo cha polisi.