Meli ya askari wa adui: kuiteka au kuizamisha?

Barazani kwetu Kariakoo mjadala huu hauishi.

Kwa faida, kuteka kunashinda. Desemba 1915, Ziwa Tanganyika, Waingereza waliiteka Kingani, boti ya kivita ya Wajerumani, ikiwa imetobolewa kwa makombora. Wakaiegesha ufukweni, wakaziba tundu, wakaiita Fifi. Februari 1916 Fifi ikaizamisha Hedwig von Wissmann, mwenzake wa jana.

Lakini Kingani ilikuwa na mabaharia wachache. Askari elfu wenye bunduki utawateka vipi? Julai 25, 1894, manowari ya Japani, Naniwa, iliisimamisha Kowshing, meli ya Uingereza iliyokodiwa kupeleka askari wa China Korea. Nahodha alikubali kufuata, askari wakamzuia. Baada ya majadiliano ya saa kadhaa, Naniwa ikaizamisha. Walikufa mamia kwa mamia, na hapo huwa nasita kusimulia. Uingereza nayo ikachachamaa.

Matunzo? Iliyotekwa inadai makaa, mafundi, walinzi wa mateka. Iliyozama haidai kitu, ila waliomo majini wanadai kuokolewa.

Mwenye bandari karibu na ateke. Aliye peke yake baharini, mbele ya sitaha iliyojaa bunduki, hesabu yake ni nyingine.